Pado za gia kwenye usukani zikigoma: dalili, vyanzo na marekebisho

Gari nyingi zinazoletwa gereji kwa madai kwamba pado (vile vibawa nyuma ya usukani vya kupandishia na kushushia gia) zimeua giaboksi hukutwa giaboksi yake ni nzima. Kilichoharibika ni waya au swichi ya bei rahisi. Mara nyingine hakijaharibika kitu, ila aliyefunga hakumweleza mwenye gari mfumo unavyofanya kazi.

Pado ni swichi tu. Ukiivuta inagusanisha waya mmoja na bodi ya gari, kompyuta ya gia inapata ishara, kisha kompyuta hiyo ndiyo inayoamua kukubali au kukataa. Haivuti kebo wala haisukumi gia. Ukilishika hilo, kazi ya kutafuta tatizo inakuwa nyepesi, kwa sababu unajua unatafuta mahali ishara ilipopotelea.

Dalili zifuatazo zimepangwa kwa maneno ya wenye magari wenyewe. Nyingi ni za Mark X, Crown na Forester zilizotumika Japani kwanza, zikafungwa hapa Dodoma pado zilizonunuliwa mtandaoni au kwenye maduka ya urembo wa magari.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja

Angalia mkono wa gia. Kama una alama za + na −, gari lako lina mahali pa kupokea ishara ya pado. Kama umeandikwa P, R, N, D, 2, L tu, kama IST na Vitz za zamani zenye gia nne, kompyuta yake haina nyaya za kupandisha na kushusha gia kwa swichi. Hapo pado zitakuwa pambo. Usitafute tatizo, rudisha mzigo dukani kama bado wanaupokea.

Jambo la pili ni eabegi, ule mfuko wa hewa unaokukinga kwenye ajali. Iko chini ya kifuniko cha katikati ya usukani, na hufumuka kwa kemikali inayolipuka. Zima gari, toa ufunguo, fungua tema hasi ya betri, halafu ngoja. Toyota inaelekeza angalau sekunde 90, na Honda na Nissan wanataka dakika 3. Ngoja dakika 5, hupungukiwi na kitu. Waya na soketi za njano ni za eabegi: usizikate, usiziunge, usizipime kwa taa ya majaribio wala kwa multimita (kipimo cha umeme) iliyowekwa kwenye ohm, maana hata mkondo mdogo wa kipimo unaweza kuifumua. Ukishaitoa, ilaze uso wake ukitazama juu, kivulini, mbali na watoto.

Ujue pia pado zako zimefungwa wapi. Kuna zinazokaa kwenye usukani wenyewe na kuzunguka nao, na kuna zinazokaa kwenye kava la nguzo ya usukani, zisizozunguka. Mitsubishi walifunga za aina hii ya pili tangu kiwandani kwenye baadhi ya Outlander na Lancer. Kwa mtu anayejifungia mwenyewe, za kwenye nguzo ndizo ninazozishauri: waya hauzunguki, eabegi haiguswi, na nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa hutakutana nayo. Kasoro yake ni kwamba ukiwa katikati ya kona mkono wako hauko tena karibu na pado. Kwa barabara zetu zilizonyooka kama ile ya Dodoma hadi Manyoni, sioni kama ni hasara kubwa.

"Nikivuta, hakuna kinachotokea"

Hili ndilo lalamiko namba moja, na sababu yake kubwa ni kwamba mkono wa gia uko kwenye D. Pado zilizofungwa baadaye huwa zimeungwa sambamba na swichi za + na − za kwenye mkono wa gia, na kwenye gari nyingi kompyuta haisikilizi nyaya hizo mpaka mkono uingie upande wa S au M, yaani wa kubadili gia mwenyewe. Gari lililotoka na pado kiwandani linaweza kukubali hata likiwa D, lako la kufungiwa huenda lisikubali. Sukuma mkono uingie S, kisha jaribu tena.

Sababu ya pili inawachanganya sana wenye Mark X na Crown. Kwenye Toyota nyingi zenye S, namba inayotokea kwenye dashibodi si gia uliyomo. Ni gia ya juu kabisa ambayo umeiruhusu giaboksi kufika. Ukiona 4, maana yake giaboksi iko huru kucheza kati ya gia ya 1 na ya 4. Sasa chukua mfano uko Area C kwenye msongamano, unatembea 30 kwa saa, dashibodi inasoma 5. Giaboksi yenyewe huenda iko gia ya 2 au ya 3. Unavuta minus, namba inashuka kuwa 4, gari halitikisiki hata kidogo. Unasema pado mbovu. Pado imefanya kazi yake, ila hapakuwa na cha kushusha. Vuta tena hadi namba iende chini ya gia iliyopo ndipo utaisikia injini ikinguruma na gari likijivuta. Tofauti inaonekana vizuri kwenye mteremko mrefu kama wa Sekenke kule Iramba, lakini tafadhali usiende kujaribia huko kati ya malori.

Kompyuta pia inayo haki ya kukataa. Uko 100 kwa saa, ukavuta minus mara tatu mfululizo kwa sababu umeona kibao cha 50 cha Kibaigwa umechelewa, itakubali moja au mbili na kukataa iliyobaki, kwa kuwa injini ingezunguka kupita kiwango. Toyota nyingi hutoa mlio kukujulisha. Kupandisha nako hukataliwa kama mwendo ni mdogo mno kwa gia unayoitaka. Gari likiwa bado baridi asubuhi, gia za juu zinaweza kuchelewa mpaka oili ipate joto.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu pado, tumia mkono wa gia kama shahidi. Ukiwa S, kwa mwendo uleule, sukuma mkono kwenye + na −. Mkono nao ukigoma, tatizo haliko kwenye pado. Mkono ukikubali na pado ikakataa, sasa tuchukue multimita.

Chomoa pado zenyewe kwenye soketi yao. Weka multimita kwenye mlio, gusa nyaya mbili za pado moja, vuta. Ilie ukivuta, inyamaze ukiachia. Isipolia kabisa, swichi ya ndani imekufa. Ikilia muda wote, imeng'ang'ania. Ikiwa nzima, hamia upande wa gari: washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, weka multimita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, ncha nyekundu kwenye waya wa + wa mkono wa gia. Utasoma volti fulani, na ukisukuma mkono kwenye + isomeke karibu na sifuri. Huo ndio waya wako. Kwenye michoro mingi ya Toyota wa kupandisha umeandikwa SFTU na wa kushusha SFTD. Vuta pado ukiangalia kipimo: nacho kishuke hadi karibu na sifuri. Kikishuka nusu tu, waya wa bodi ni mbovu, aghalabu umefungwa kwenye skrubu iliyopakwa rangi au kwenye plastiki. Kwangua mpaka uone chuma cheupe, funga upya.

Kisipobadilika kabisa, waya umekatika njiani au umeungwa kwenye waya usio wake. Rangi za nyaya zinabadilika hata kati ya gari mbili za jina moja zilizotengenezwa miaka tofauti, kwa hiyo usifuate rangi uliyoiona kwenye video ya mtu. Fuata kipimo.

Wenye Volkswagen, Audi na BMW wasihangaike na hayo ya kuunga waya. Usukani wao unazungumza na gari kwa ujumbe wa kidijitali, si kwa swichi ya kugusa bodi. Wanahitaji pado za gari hilohilo na mtu wa kuziandikisha kwenye kompyuta.

"Asubuhi zinafanya kazi, mchana zinagoma"

Gari lililoegeshwa juani Mtumba tangu saa 2 asubuhi, ukilifungua saa 9 alasiri usukani haushikiki. Joto hilo ndilo linalozishinda pado nyingi za bei nafuu. Anza na gundi: zile zinazobandikwa kwa tepu ya pande mbili hulainika, pado ikasogea milimita kadhaa, basi haifiki tena kwenye kitufe cha swichi. Ibonyeze kwa kidole palepale kwenye swichi badala ya kwenye ncha. Ikikubali, tatizo ni la kufunga, si la umeme. Ondoa tepu, safisha kwa spiriti, tumia skrubu. Usitumie gundi ya haraka. Ikimwagikia ndani ya swichi ndiyo mwisho wake.

Linalofuata ni vumbi. Kwa wanaoishi mitaa ambayo bado haina lami, wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya redio, seuze swichi iliyo wazi nyuma ya usukani. Dalili yake ni pado inayotaka kuvutwa mara mbili au kwa nguvu. Dawa ya kusafishia kontakti za umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta, inatosha. Usipulizie ile ya kulegeza nati zenye kutu. Ina mafuta, na mafuta yanakamata vumbi, kwa hiyo baada ya wiki mbili utarudi palepale, hali ikiwa mbaya zaidi.

Pado zisizo na waya zina tatizo lao la betri ndogo ya CR2032. Ikiwa mpya ni volti 3. Ipime kwanza kabla ya kufungua chochote.

Kama hayo yote ni mazima, kagua maungio. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi hauwezi joto la namna hii: tepu inayeyuka gundi, waya unalegea. Choma kwa risasi, kisha funika kwa mpira unaonywea kwa moto.

"Gia inajibadilisha yenyewe nikikata kona"

Acha kutumia gari kwenye S mara moja, endesha kwa D, na chomoa soketi ya pado leo hii. Sikutishi bure. Nimeona waya wa pado uliozungushwa kwenye shafti ya usukani bila mpangilio wowote, ukisuguka kila kona mpaka shaba ikatoka nje. Shaba hiyo ikigusa chuma, kompyuta inadhani umevuta pado. Kushuka gia bila kutaka kwenye kona yenye changarawe kunaweza kukutoa barabarani. Na waya ukikaza, unaweza kuushika usukani wenyewe usizunguke hadi mwisho, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ya gia.

Kama pado ziko kwenye usukani, njia pekee halali ya waya ni kupitia klokispringi, yaani lile kasha la plastiki nyuma ya usukani lenye utepe unaojikunja na kujikunjua. Gari lisilo na vitufe vya redio kwenye usukani mara nyingi lina klokispringi yenye njia za eabegi na honi tu. Hapo unatafuta klokispringi ya toleo la juu la gari hilohilo. Hakuna njia ya kuazima kwenye zile za njano.

Kama pado ziko kwenye nguzo, kagua pale kava linapokutana na nguzo. Usukani unaopanda na kushuka unahitaji waya wenye ulegevu. Ushushe hadi mwisho, upandishe hadi mwisho, uone kama kuna mahali waya unabanwa. Angalia pia skrubu zilizofungia pado: ndefu kupita kiasi hutoboa kava na kugusa nyaya za ndani.

Ukikuta usukani una mgando, mlio au mchezo ambao haukuwepo kabla ya kufunga pado, usiendeshe. Mwite fundi aje lilipo gari.

"Taa ya eabegi imewaka" au "honi imekufa"

Kwa gari zima, ukiwasha swichi taa ya eabegi huwaka sekunde chache (Toyota nyingi kama 6) kisha huzimika. Ikibaki imewaka baada ya kazi ya pado, mfumo umejizima na siku ya ajali eabegi huenda isifumuke. Isipowaka kabisa hata mwanzoni, huenda kuna mtu aliifumba, na ningemuuliza muuzaji maswali.

Chanzo cha kawaida ni soketi ya njano ambayo haikuingia hadi mwisho au kidude chake cha kufungia hakikusukumwa. Rudia utaratibu wa betri na kungoja, fungua, isukume mpaka isikike. Mara nyingine ni swichi iliyowashwa wakati eabegi imechomolewa: kosa linabaki kwenye kumbukumbu na taa haizimiki hata ukishaunga, mpaka lifutwe kwa mashine ya kusomea makosa ya kompyuta.

Taa ya eabegi ikiwaka na honi ikafa kwa pamoja, elekeza macho kwenye klokispringi. Imekatika, na aghalabu imekatwa na aliyeutoa usukani akairudisha ikiwa haiko katikati. Nyingi za Toyota huzunguka takriban mizunguko 2.5 kila upande. Mtu akiigeuza kidogo akiwa ameishika mkononi, halafu akafunga, kona ya kwanza ya nguvu inavuta utepe mpaka unakatika. Kurudisha katikati: matairi yakiwa yamenyooka, izungushe taratibu kinyume cha saa hadi ikaze yenyewe, bila kulazimisha, kisha izungushe kwa mwelekeo wa saa mizunguko hiyo 2.5 mpaka alama zikutane. Fuata maandishi yaliyo kwenye kasha lenyewe kama yapo. Iliyokatika haiungwi, hununuliwa nyingine.

Kwenye mashine, Toyota huonyesha B1800 kwa shoti kwenye njia ya eabegi ya dereva na B1801 kwa njia iliyokatika. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma mfumo wa eabegi; vile visomaji vidogo vya Bluetooth vingi husoma injini tu. Hapa ndipo unapokabidhi kazi kama wewe si fundi. Akikushauri aweke rezista ili kuidanganya kompyuta taa izimike, chukua ufunguo wako uondoke.

"Usukani umekaa upande" na "indiketa hairudi"

Usukani umerudishwa meno moja au mawili pembeni. Ndiyo maana tunaweka alama ya rangi kwenye shafti na kwenye usukani kabla ya kuutoa. Wakati wa kuuvuta, acha nati kwenye nyuzi chache za mwisho. Usukani ukichomoka ghafla utagonga nati, si uso wako. Ukirudisha, kaza nati kwa spana ya kipimo. Kwa Toyota nyingi ni Nm 50, si nguvu zako zote.

Indiketa isiyorudi yenyewe baada ya kona inatokana na kile kipete cha plastiki nyuma ya usukani kutokaa kwenye nafasi yake. Pado kubwa za alumini nazo hugonga mkono wa indiketa au wa waipa. Kata au nunua fupi.

Taa ya VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) ikiwaka baada ya kazi hii, endesha kwa mstari ulionyooka kwa muda, kisha kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho ukiwa umesimama. Baadhi ya gari hujirekebisha. Isipozimika, sensa ya pembe ya usukani inahitaji kuwekwa sifuri kwa mashine.

"Nikivuta plus, redio inaongeza sauti"

Pado imeungwa kwenye nyaya za vitufe vya redio. Vitufe hivyo hutofautishwa kwa rezista, kwa hiyo kila waya unaougusa bodi unasomwa kuwa kitufe fulani. Toa hapo, peleka kwenye nyaya za mkono wa gia kama nilivyoeleza. Plus na minus zikiwa zimebadilishana, hamisha nyaya mbili, dakika tano umemaliza.

"Taa ya injini imewaka na gari limeng'ang'ania gia moja"

Soma kodi kwanza, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. P0815 ni sakiti ya swichi ya kupandisha, P0816 ya kushusha, P0826 zote kwa pamoja. Ukizipata hizo, chomoa pado, futa kodi, endesha. Zisiporudi, kosa liko kwenye pado au waya wake, na sana sana ni swichi iliyong'ang'ania kugusa muda wote.

Kodi zikiwa nyingine, hasa za solenoidi (valvu za umeme ndani ya giaboksi) au joto la oili, au gari likipiga kishindo kila linapoingia gia, pado chomoa na uziache pembeni, gari lipeleke kwa fundi wa giaboksi. Usiendelee kulibembeleza hadi Morogoro. Na kama fyuzi imeungua, usibadilishe kwa kubwa zaidi. Iliyoungua imekwambia kuna shoti, na kubwa zaidi itaupeleka moto kwenye waya.

"Betri inalala gari likiegeshwa"

Hii ni ya pado zenye kisanduku chao cha umeme, zikiwemo zisizo na waya na zenye taa za mapambo. Kisanduku kimeungwa kwenye umeme wa kudumu badala ya ule unaokuja na swichi. Funga milango, toa ufunguo, mpe gari nusu saa lilale, kisha pima mkondo kwenye tema hasi. Gari zima likiwa limelala kwa kawaida halizidi miliampia 50. Chomoa kisanduku huku ukiangalia: kipimo kikianguka, umempata mwizi. Hamishia waya wake kwenye fyuzi inayokufa ukitoa ufunguo, isiwe ya eabegi wala ya ABS, na uweke fyuzi yake ndogo karibu na unapochukulia umeme.